Alhamisi za Kudaiwa

Nchi hii ipo, ila msiitafute kwenye ramani. Ramani yenyewe iliwekwa rehani mwaka ule wa ukame, na aliyeichukua hajairudisha mpaka leo. Wimbo wake wa taifa tunaujua, bei ya sukari yake tunaijua, hata mashimo ya barabara zake tumewahi kuyaingia. Inatosha. Tusitafutane ubaya kwa ajili ya jina.

Katika nchi hiyo kukopa hakukuwa shida ya mtu, kulikuwa uzalendo. Wizara ya Mikopo, Marejesho na Tabia Njema ilikuwa na jengo la ghorofa kumi na tisa, na juu ya lango lake maandishi ya shaba: HAKUNA RAIA MPWEKE, KILA MMOJA ANA ANAYEMDAI. Mtoto alipewa namba ya mteja kabla hajapewa jina. Mheshimiwa Waziri alikuwa akitamka redioni kila Jumatatu, kwa sauti ya mtu aliyetoka kula: "Ndugu wananchi, serikali isiyokudai itakukumbukaje?" Watu walipiga makofi. Kupiga makofi kulipunguza riba kwa nusu asilimia.

Sasa, katika mji mmoja wa nchi hiyo, mji wa reli ambayo treni yake ilishaacha kupita, aliishi mwanamke asiyedaiwa na mtu yeyote. Aliitwa Bi Semeni, mjane wa marehemu Ngwada, mpiga kengele wa stesheni. Hawakujaliwa mtoto. Kiinua mgongo cha marehemu kilimtosha, kwa sababu alikula kidogo na hakuwa na wa kumpikia. Sebuleni kwake kulikuwa na makochi manne yaliyovishwa vitambaa vyeupe alivyofuma kwa mkono wake, na hakuna aliyeyakalia tangu arobaini ya mumewe. Kila Jumamosi alivifua vitambaa vile, visafi hivyo hivyo, akavianika, akavirudisha.

Jambo hili la kutodaiwa liligunduliwa na Afisa Mikopo wa kata, kijana mmoja aitwaye Festo, ambaye alikuwa na kofia ya wizara na viatu vya mkopo.

"Hodi! Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu, karibu ndani. Kaa hapo. Hapana, kaa pale penye upepo. Nikuwekee chai?"

"Sikai mama, niko kazini." Festo alifungua rejista. "Hapa naona huna mkopo."

"Sina, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Festo alivua kofia taratibu, kama watu wanavyofanya jeneza likipita. "Pole sana, mama. Na majirani wanajua?"

Akamweleza kwamba aibu hiyo ingeweza kuondolewa. Serikali ilikuwa imebuni mkopo wa vikundi: watu watano, kila mmoja anawadhamini wenzake, na wote wanakutana kila Alhamisi kurejesha.

"Kila Alhamisi?" Bi Semeni aliuliza.

"Bila kukosa."

"Na hao wanne watakuja wenyewe? Kwa miguu yao?"

"Lazima waje, mama. Asiyekuja anapigwa faini."

Bi Semeni hakuuliza riba. Hakuuliza hata kiasi. Alitia sahihi mahali alipoonyeshwa, akatia na mahali ambapo hakuonyeshwa.

*

Kikundi kiliitwa Tusimame, na kilikaa kwenye uwanja wa mkaa wa Mama Shukuru, mwenyekiti wao, mwanamke wa miraba minne aliyekuwa anaita watu kwa kuwapigia mluzi. Alikuwepo Nyamizi wa genge la nyanya, na Bi Tatu wa vitumbua. Wa nne alikuwa Chausiku wa mitumba, mwembamba, mdomo wake hauna breki.

Alhamisi ya kwanza Bi Semeni aliamka alfajiri. Alivaa doti mpya ya kanga, akajipaka mafuta ya nazi, akatembea dakika arobaini. Walikaa kwenye viti vya plastiki vya wizara. Festo aliita majina, kila mtu akalipa, Festo akafunga rejista, na wenzake wakainuka kila mmoja akashika njia yake. Kikao kilikuwa kimechukua dakika tisa. Bi Semeni alibaki kwenye kiti chake mpaka kijana wa viti akaja kukichukua.

Njiani kurudi alijiambia kwamba basi, wiki ina siku saba tu. Lakini siku saba peke yako ni nyingi, jamani, asikwambie mtu.

Alhamisi ya pili mambo yalikuwa mengine. Nyanya za Nyamizi zilikuwa zimeoza, naye akapungukiwa elfu nne. Hapo ndipo Bi Semeni alipoifahamu Kanuni ya Kumi na Moja: *Hakuna mwanakikundi kuondoka mpaka marejesho ya wote yatimie.* Festo alifunga geti la uwanja, akaweka ufunguo mfukoni, akalala juu ya magunia.

Walikaa. Mwanzoni walinuna. Saa sita Bi Tatu akatoa vitumbua vilivyobaki. Saa saba Chausiku akaanza kusimulia jinsi mumewe wa pili alivyomtoroka kwa kupitia dirisha ilhali mlango ulikuwa wazi. "Nikamwuliza, wewe mwanamume, mlango una nini? Akasema, mlango una wewe!" Mama Shukuru alicheka mpaka kiti cha wizara kikavunjika mguu. Nyamizi akamlalia Bi Semeni magotini, ili asukwe nywele. Bi Semeni alikuwa hajashika kichwa cha mtu miaka sita. Alisuka taratibu, mistari myembamba, akaifumua miwili kwa makusudi ili airudie.

Saa kumi shemeji wa Nyamizi akaleta elfu nne. Geti likafunguliwa, wakaagana. Bi Semeni alifika nyumbani akaosha sufuria moja na kikombe kimoja huku anaimba.

Alhamisi ya tatu, Festo alipoita jina lake, Bi Semeni aliinama. Pesa ilikuwa imefungwa fundo kwenye pindo la kanga, chini ya kwapa, imelowa jasho.

"Sina," akasema.

Ndivyo uhalifu wake ulivyoanza, na mimi simtetei.

*

Wiki kumi na mbili mfululizo Bi Semeni hakuwa nayo. Kila Alhamisi geti lilifungwa. Kila Alhamisi jioni alijipapasa, akashangaa, akasema, "Ala! Kumbe hii hapa!" na kutoa noti zilizokunjwa vizuri. Kwa kuwa roho ilimsuta, alianza kuja na chakula. Alileta chapati, akaleta maharage ya nazi, na siku moja akaleta kuku mzima.

"Mtu hana marejesho," Chausiku akasema, akinyofoa paja, "lakini kuku wake ana mafuta kuliko sisi wote. Serikali ichunguze."

Siku ile, wakati wengine wamesinzia, Chausiku alimsogelea.

"Bi Semeni."

"Abee."

"Hilo fundo nililiona tangu siku ya kwanza uliposema huna."

Bi Semeni akabana kwapa. "Mtume! Basi mbona hukusema?"

Chausiku alitazama geti lililofungwa. "Na mimi nyumbani kuna nini? Kuna marobota ya nguo za watu nisiowajua. Nyamaza, twende taratibu, jua bado liko juu."

Hawakulizungumza tena. Lakini toka siku ile Bi Semeni alijua kwamba duniani yuko mtu mmoja anayejua fundo lake liko wapi, na hilo lilimtia joto hata siku za Jumanne, ambazo zilikuwa mbaya kuliko zote.

*

Serikali ikachunguza kweli. Kwenye ghorofa ya kumi na nne ya wizara iligundulika kwamba vikundi vingine vinakaa dakika tisa na Tusimame inakaa kwa muda wa saa sita. Akatumwa Daktari Ponsiano, Mtaalamu Mkuu wa Tabia za Wateja, akiwa na karani wa kubeba dodoso na karani wa kumbebea karani mwavuli. Alimkalisha Bi Semeni mbele yake.

"Kwa kipimo cha moja hadi kumi," alisoma, "unapodaiwa unajisikiaje?"

"Kumi."

"Yaani maumivu makali kabisa."

"Hapana, baba. Raha."

Daktari aliangalia dodoso. Raha haikuwemo. "Nitaandika maumivu," alisema. "Pesa ya mkopo uliitumia kufanya nini?"

"Iko nyumbani, chini ya mto wa kochi."

"Yote?"

"Yote. Nikirejesha natoa ya kiinua mgongo, ile ya serikali naihifadhi isije ikapotea."

"Sasa kwa nini ulikopa?"

Bi Semeni alifikiri sana. Alitaka kumjibu mtu msomi kwa heshima. "Ili nije," akasema.

Daktari aliandika: *Mteja amechanganyikiwa kwa ufukara. Hajui matumizi ya fedha. Anastahili mkopo mkubwa zaidi.*

Ripoti ilikuwa na kurasa mia nne, na picha ya Daktari katika kila sura. Ilithibitisha kwamba wanyonge wanapoteza muda wa uzalishaji kwa kukaa pamoja. Mheshimiwa Waziri alikuja mwenyewe kuivunja Tusimame, kwa bendi na hema.

"Wananchi wa Tusimame!" alinguruma. "Ukombozi umefika! Kuanzia leo hakuna mama atakayekaa kwenye vumbi la mkaa akitazama uso wa mwenzake! Kila mmoja atadaiwa nyumbani kwake, kwa faragha, kwa staha, kwa simu!"

Kila mmoja akapewa Simu ya Heshima, kwa mkopo. Viti vya plastiki vikapakiwa kwenye lori. Siku hiyo hiyo ukatoka Waraka wa Muda wa Uzalishaji: ni marufuku raia kumtembelea raia bila sababu ya kiuchumi. Sababu zinazokubalika ni mbili, msiba na deni. Mwenye soga zake asubiri kustaafu, na waliokwisha kustaafu wasubiri maelekezo.

Chausiku alimwandikia Bi Semeni namba yake kwenye simu, na za wengine. Namba nne. Kisha akahamia mji wa mpakani na marobota yake, maana huko mitumba ilikuwa inatoka.

"Utanipigia?" Bi Semeni alimwuliza.

"Nitakupigia mpaka unichoke."

Akapiga, kweli, wiki mbili za mwanzo. Halafu muda wa maongezi nao ukawa ni wa kukopa.

*

Simu ya Heshima ilikuwa na sauti ya kike, tamu. Saa moja asubuhi ilisema: "Habari ya asubuhi, ndugu mteja."

"Nzuri, mwanangu. Umeamkaje?"

"Deni lako ni elfu sitini na mbili."

"Alhamdulillahi. Na huko kwenu hali ya hewa?"

Sauti ilikata. Haikuwahi kumjibu, na Bi Semeni hakuwahi kuacha kuisalimu. Aliiwekea kitambaa chake kidogo cha kufuma, akaiweka kwenye kochi la kwanza, pale penye upepo.

Alhamisi alikuwa anavaa vizuri, kisha anakumbuka. Alikaa na doti yake mpya mbele ya makochi manne, akalipa marejesho kwa kubonyeza, sekunde kumi na moja. Siku iliyobaki ilikuwa ndefu, ndefu ya kuumiza. Siku nyingine alilia, kisha akaona aibu kulia mbele ya simu ya serikali.

Mwezi wa nne alimkuta Festo nje ya ofisi ya kata. Sasa alikuwa Balozi wa Malipo ya Kisasa, na viatu vingine.

"Hivi baba, mtu asipolipa kwa hii simu, mnafanyaje?"

Festo alijivuna. "Mama, usiombe! Simu inazijua namba zote ulizohifadhi ndani yake. Siku ya mwisho inawaandikia watu wako wote kwamba unadaiwa. Wote! Watakujia juu mpaka mlangoni."

"Wote?"

"Hakosi mmoja."

"Na waraka hautawazuia?"

"Deni ni sababu halali, mama."

"Wakija, wanakaa?"

Festo alimtazama vizuri. "Mama, nakutisha."

"Najua, baba. Endelea."

Aliondoka pale anatembea haraka kama msichana. Sababu halali mbili: msiba na deni. Msiba wake mwenyewe ungeleta watu wengi, hilo alilijua, lakini asingekuwepo kuwapokea. Lilibaki deni.

*

Akaacha kulipa. Pesa yote ilikuwepo, ya mkopo wa kwanza na ule mkubwa aliotunukiwa kwa ufukara wake, imefungwa fundo moja kubwa kwenye kanga chini ya mto wa kochi.

Wiki ya kwanza sauti tamu ilisema inasikitika. Wiki ya pili ilisema imekata tamaa naye, na Bi Semeni akaiambia isijali. Wiki ya tatu ikatamka: "Alhamisi saa tisa alasiri, watu wako wote watataarifiwa."

Mji mzima haukuwa na mwanamke mwenye shughuli kama yeye wiki ile. Alipaka ukuta chokaa. Alifua vitambaa mara mbili, akavitia bluu. Kwa Chausiku, ambaye angetoka mbali kwa basi, alitandika kitanda cha chumba cha pili, akaweka na kanga ya kuogea. Alhamisi alichinja kuku wawili, akakanda chapati ishirini, akachemsha chai ya tangawizi. Alipanga vikombe vitano mkekani. Alipanga hata maneno: wangeingia wamekasirika, Mama Shukuru angepiga mluzi getini, yeye angeinama aseme "Sina," wangekaa kumsubiri, chakula kingetoka, na jioni kabisa angejipapasa. Chausiku angejua. Chausiku angemkonyeza.

Akakaa kwenye kochi lililokabili mlango. Mlango aliuacha wazi.

Saa tisa kamili simu ililia.

"Ndugu mteja, Mama Shukuru amekulipia elfu ishirini." Ikasoma na ujumbe: *Pole mwenzangu. Usihofu.*

Bi Semeni alisimama. Kabla hajafika kwenye kochi la simu, ikalia tena. Nyamizi, elfu kumi na tano. *Bibi yangu, bado nakumbuka ile misuko.* Ikalia tena. Bi Tatu, elfu kumi na mbili, bila neno, kwa kuwa hakujua kuandika.

"Hapana," Bi Semeni aliiambia simu. "Hapana, hapana. Waambie waje nazo. Waambie wazilete wenyewe!"

Simu ikanyamaza muda mrefu. Alitoka barazani, akatazama barabara kushoto na kulia. Bado mmoja. Chausiku alilijua fundo, Chausiku asingedanganyika. Pengine sasa hivi yuko ndani ya basi, anamkera kondakta.

Saa kumi na nusu simu ililia.

"Ndugu mteja, Chausiku amekulipia elfu themanini na tatu. Deni lako limekwisha."

*Shoga yangu,* ujumbe ulisema, *safari hii najua si fundo, hawa watu wa simu hawana utani. Nimeuza marobota yote mawili. Lala salama, hakuna atakayekuja kukusumbua.*

Bi Semeni aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena amekaa. Alitaka kuwakasirikia akashindwa. Walikuwa wamempenda, kila mmoja kadiri ya uwezo wake, na hakuna hata mmoja aliyekuja.

Redioni kwa jirani Mheshimiwa Waziri alikuwa anatangaza kwamba marejesho ya taifa yamefika asilimia mia kwa mia, na kwamba upweke sasa umetokomezwa kisheria. Bendi ikapigwa. Chai ilikuwa imeanza kufanya utando.

Akaichukua simu, akabonyeza tisa, huduma kwa wateja.

"Karibu," ilisema sauti tamu. "Eleza shida yako kwa ufupi."

"Nataka deni langu lirudi," alisema Bi Semeni. "Pesa ya watu irudishwe kwao, yote, marobota ya yule mwanamke yarudi. Mimi ninayo, iko hapa chini ya mto. Nirudishieni deni langu, wanangu, sikuwa nimemaliza kulitumia."

"Ombi lako limepokelewa. Wahudumu wetu wote wana shughuli. Wewe ni mtu wa elfu nne mia moja na kumi na mbili kwenye foleni. Tafadhali subiri."

Bi Semeni alifikiri kidogo. Elfu nne mia moja na kumi na moja mbele yake, na bila shaka wengine nyuma. Aliweka simu mkekani katikati ya vikombe vitano, akajimiminia chai, akavuta kanga vizuri begani.

"Haya," akawaambia wenzake wa foleni. "Mimi hapa ndiye wa mwisho. Kuna mtu nyuma yangu?"